Hekalu la Isis huko Philae: Visasili, Mahujaji wa Kusini na Mwisho wa Maandishi ya Hieroglifu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia na visasili vya hekalu la Isis katika kisiwa cha Philae, kusini mwa Misri, tangu siku za Mafarao wa mwisho hadi hekalu hilo lilipogeuzwa kanisa katika karne ya 6 BK. Inadaiwa mara nyingi kwamba maandishi ya hieroglifu yalikufa kwa amri ya makaisari wa Kikristo. Makala inatetea hoja tofauti: maandishi hayo yalififia mikononi mwa koo chache za makuhani, ambazo katika miaka yao ya mwisho zilitegemea zaidi waumini wa Nubia kuliko dola iliyowatawala. Visasili vya Philae vyenyewe, vinavyolielekeza hekalu upande wa kusini, ni sehemu ya ushahidi huo.

Utangulizi

Tarehe 24 Agosti mwaka 394 BK, katika lango la Kaisari Hadrian lililo upande wa magharibi wa hekalu la Isis, mtu aitwaye Nesmeterakhem alichonga umbo la mungu Mandulis, kisha akaandika pembeni yake mistari michache. Sehemu moja aliiandika kwa hieroglifu, akimtaja mungu huyo na kujitaja yeye na baba yake. Sehemu nyingine aliiandika kwa demotiki, yaani mwandiko wa haraka ambao Wamisri waliutumia katika shughuli za kila siku tangu karne ya 7 KK. Humo anajieleza kuwa mwandishi wa nyumba ya maandiko ya Isis, anawataja wazazi wake wote wawili, anasema kwamba ameifanya kazi hiyo idumu daima kwa kuwa mungu huyo amemtazama kwa uso mwema, na mwishowe anaweka tarehe: sikukuu ya kuzaliwa kwa Osiris, mwaka wa 110. Miaka hiyo inahesabiwa tangu kutawazwa kwa Diocletian mwaka 284. Ni hesabu ileile ambayo Kanisa la Misri lilikuja kuiita miaka ya mashahidi, kwa kuwakumbuka waliouawa na kaisari huyohuyo. Kuhani wa Isis na jirani yake Mkristo waliishi katika kalenda moja, kila mmoja akiwa na sababu zake.

Hayo ndiyo maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe inayojulikana. Mfumo wa maandishi uliotumika kwa zaidi ya miaka 3,000 unakomea hapo, ukutani, katika kisiwa cha mpakani ambacho urefu wake haufiki nusu kilomita.

Maelezo yaliyozoeleka ni mepesi. Theodosius wa Kwanza alipiga marufuku ibada za kale kwa sheria za mwaka 391 na 392. Justinian akalifunga hekalu la Philae baina ya mwaka 535 na 537. Maandishi yakafa pamoja na dini iliyoyabeba. Kasoro ya maelezo hayo imo katika tarehe zake. Nesmeterakhem aliandika baada ya marufuku ya Theodosius, tena waziwazi, katika lango ambalo kila aliyevuka kwenda kwenye tambiko alilipita. Na Justinian alipotuma jeshi, zilikuwa zimepita takribani miaka 140 tangu hieroglifu hizo zichongwe. Amri ya kwanza haikuzuia chochote Philae, na ya pili ilikuja wakati hapakuwa na mwandishi wa kuzuiwa. Jibu linafaa kutafutwa ndani ya hekalu lenyewe.

Kisiwa cha mpakani

Philae kilikuwa mahali ambapo Misri iliishia na Nubia ikaanza, juu kidogo ya maporomoko ya kwanza ya Mto Naili, kusini mwa mji wa Syene, yaani Aswan ya leo. Kwa Kimisri kisiwa kiliitwa Pilak. Wagiriki waliposikia jina hilo walilitamka Philai, na kwa kuwa neno hilo linashabihiana na neno lao la urafiki, Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, alieleza kwamba kisiwa kiliitwa hivyo kwa sababu Diocletian aliwapatanisha hapo Warumi na watu wa kusini. Jina ni la kale mno kuliko Diocletian, hivyo maelezo hayo ni etimolojia ya kubuni. Hata hivyo Procopius alikuwa amegusa jambo la kweli kuhusu mahali penyewe.

Mawe ya kale kabisa yaliyopatikana kisiwani yana jina la Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala Misri kuanzia mwaka 690 hadi 664 KK. Kwa hiyo alama ya kwanza ya ibada Philae iliachwa na mtu wa kusini. Amasis wa nasaba ya 26 alimjengea Isis hekalu dogo. Nectanebo wa Kwanza, mmoja wa Mafarao wa mwisho wenye asili ya Misri, akaongeza ukumbi na lango. Na hekalu kubwa linaloonekana leo lilianzwa na Ptolemy wa Pili katika karne ya 3 KK. Waliomfuata waliongeza nyua, nguzo, nyumba ya kuzaliwa Horus, na minara ya lango kuu yenye kimo cha meta 18, ambamo Ptolemy wa Kumi na Mbili amechongwa akiwapiga maadui kwa rungu, kama Farao yeyote wa miaka 2,000 kabla yake. Makaisari wa Roma nao hawakubaki nyuma: Trajan ana banda lake maarufu la nguzo 14, na Hadrian lango lake. Hawa wote walikuwa wageni, na wote walikubali kuchongwa kwa mavazi ya Misri. Aliyewavika mavazi hayo ni kuhani, maana ndiye aliyejua nini kichongwe na kiandikwe vipi.

Mguu wa Osiris na kisiwa kisichokanyagwa

Kisasili cha Osiris kinajulikana sana, lakini namna kilivyotufikia ni ya ajabu kidogo. Maandishi ya Kimisri hayakisimulii kwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Yanakidokeza, yanakiomba, yanakitambikia. Msikilizaji alitarajiwa awe anakijua. Masimulizi kamili tunayo kutoka kwa Plutarch, Mgiriki aliyekuwa kuhani huko Delphi, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Kwa mujibu wake, Seth alimhadaa nduguye Osiris aingie katika sanduku, akalifunga na kulitupa mtoni. Isis alimtafuta mumewe mpaka akampata, lakini Seth akaukuta mwili na kuukata vipande 14, akavitawanya nchini kote. Isis alivikusanya kimoja kimoja, isipokuwa uume, uliokuwa umeliwa na samaki.

Kisasili kinachotawanya mwili kinazipa pia sehemu nyingi haki ya kudai kipande. Makuhani wa Philae walidai mguu wa kushoto. Mguu huo, walisema, ulizikwa katika kisiwa jirani cha Bigeh, na katika jeraha lake ndimo yalimotoka mafuriko ya Naili ya kila mwaka. Ndani ya lango la Hadrian upo mchongo unaoonyesha chanzo cha mto: Hapi, mungu wa mafuriko, amekaa ndani ya pango chini ya mwamba, nyoka amelizunguka pango lote, naye anamimina maji kwa vyombo viwili. Juu ya mwamba wametua ndege wawili wakubwa. Makuhani walijua vyema kwamba mto ulitoka mbali zaidi kusini. Walikuwa wakiuona ukija. Mchongo unajibu swali la nani anayeyatoa maji, na jografia ya mto haiusumbui.

Bigeh kiliitwa kwa Kigiriki Abaton, mahali pasipokanyagwa. Amri iliyochongwa katika lango hilohilo inaeleza masharti yake. Kaburi lizungukwe na meza za sadaka 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na maziwa yamiminwe. Kila baada ya siku kumi Isis avushwe kwa mashua kwenda kumzuru mumewe. Pasipigwe ngoma wala kinubi. Mtu asipaze sauti. Asitegwe ndege, asivuliwe samaki. Plutarch alisikia habari hizo akazisimulia kwa chumvi kidogo, akisema kwamba hata ndege hawatui pale na samaki hawasogei.

Katika mahekalu mengi ya Misri utukufu wa mungu ulipimwa kwa kelele: zumari, kayamba za shaba, vigelegele vya maandamano. Ibada ya Bigeh ilijengwa juu ya kimya cha matanga. Na kwa kuwa waliokuwa kimya ni watu wote, na waliovuka ni makuhani peke yao, kila kilichotendeka upande wa pili kilibaki ndani ya mzunguko wa watu wachache. Hali hiyo ilikuja kuwagharimu.

Mungu wa kike aliyekwenda kusini

Kisasili cha pili cha Philae hutajwa mara chache kuliko cha Osiris. Binti wa mungu jua, anayeitwa Tefnut mahali pengine na Hathor mahali pengine, alimkasirikia baba yake akaondoka Misri, akaenda kuishi nyikani kusini kwa umbo la simba jike. Misri ikanyong'onyea. Thoth, mungu wa maandishi na maneno matamu, na Shu, ndugu wa binti huyo, walitumwa wakambembeleze. Upo usimulizi wa kisasili hiki kwa demotiki ambamo Thoth, katika umbo la nyani mdogo, anamtuliza mungu huyo wa kike kwa hadithi za wanyama, moja ndani ya nyingine, mpaka hasira zinamwisha na nyumbani kunamrudia moyoni.

Philae palikuwa kituo chake cha kwanza alipoingia Misri. Katika hekalu dogo la Hathor nguzo zimechongwa furaha ya mapokezi: Bes, mungu kibeti mwenye sura ya simba, anapiga tari na kinubi, nyani anapiga gambusi. Karibu na lango kuu palikuwa na hekalu la Arensnuphis, mungu wa Kinubi ambaye makuhani walimtambua kuwa ndiye Shu aliyemleta binti. Mandulis, aliyechongwa na Nesmeterakhem, alikuwa naye mungu wa Nubia, na hekalu lake kubwa lilikuwa Kalabsha, upande wa kusini zaidi.

Visasili hivi viwili vikiwekwa pamoja vinachora mwelekeo. Maji ya uhai yanakuja Philae kutoka kusini, na mungu wa kike aliyepotea anarudi kutoka kusini. Strabo, aliyezuru kisiwa miaka ya 20 KK, anaongeza jambo la tatu. Alimwona kozi mtakatifu aliyeabudiwa hapo, mkubwa kuliko kozi wa Misri au wa kwao, akaambiwa kwamba ndege huyo hutoka Ethiopia, jina ambalo Wagiriki waliipa nchi yote iliyo juu ya maporomoko. Akifa, huletwa mwingine kutoka hukohuko. Wakati Strabo alipomwona, kozi huyo alikuwa mgonjwa na karibu kufa.

Mahujaji wa Nubia

Utafiti wa muda mrefu uliichukulia Nubia kama ukingo wa hadithi ya Misri: mpokeaji, au mvamizi. Kuta za Philae zinasema vingine. F. Ll. Griffith, mtaalamu aliyefaulu kuzipatia sauti herufi za Kimeroe, alichapisha katika miaka ya 1930 maandishi ya demotiki ya eneo hilo, na Philae peke yake ilikuwa na mamia. Mengi ya karne za mwisho yaliandikwa na watu wa kusini au kwa ajili yao. Kazi ya Solange Ashby iliyotoka mwaka 2020 imewarudisha waumini hao katikati ya historia ya hekalu, na ni vigumu kusoma kuta hizo baada yake kwa macho ya zamani.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 253 BK, Sasan, mjumbe wa Mfalme Teqorideamani wa Meroe, aliacha ukutani maandishi marefu kuliko yote ya demotiki yaliyomo Philae. Anaeleza jinsi alivyotumwa na mfalme wake, dhahabu aliyoileta hekaluni na sikukuu iliyofanyika, kisha anamsihi Isis amrejeshe Meroe salama. Safari yenyewe ilikuwa ya mamia ya kilomita kupitia jangwa na maporomoko. Katika karne hiyohiyo ukoo wa Wayekiye ulikuwa na watu walioshika vyeo katika hekalu la Isis na papo hapo katika utumishi wa mfalme wa Meroe. Kwao Kimisri kilikuwa lugha ya ibada na Kimeroe lugha ya ufalme. Chumba kimoja cha hekalu kina maandishi yao ya Kimeroe, ambayo leo yanasomeka kwa sauti lakini maana yake bado haijafunguka vya kutosha.

Mwaka 298 Diocletian aliurudisha nyuma mpaka wa dola mpaka maporomoko ya kwanza. Kuanzia hapo wanajeshi wa Roma walikuwa Philae, na nchi yote ya kusini ilikuwa mikononi mwa Wanobadi na Wablemi. Hao ndio waliokuwa waumini wa Isis. Roma ilipotaka amani nao ilibidi izungumze habari za hekalu: mkataba wa takribani mwaka 452, ambao habari zake tunazipata kwa Priscus, uliwaruhusu kuvuka kwenda Philae kama desturi yao ilivyokuwa, na kuichukua sanamu ya Isis kwenda nayo kwao kwa muda uliopangwa, kisha kuirejesha. Hayo yalitokea miaka 60 baada ya sheria za Theodosius, katika dola iliyojiita ya Kikristo. Isis aliingizwa katika mkataba wa kimataifa kwa sababu kumkataa kungeleta vita.

Ukoo na kalamu

Ndani ya mazingira hayo ndipo kifo cha maandishi kinapoeleweka. Katika enzi ya akina Ptolemy makuhani walikuwa wameuzidisha mfumo wa hieroglifu kwa makusudi. Alama zilizokuwa mia saba hivi katika Kimisri cha kati zilifika maelfu. Neno moja liliweza kuandikwa kwa njia nyingi, kila njia ikiwa na mzaha wake wa kitheolojia. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kusikia tu. Huhitaji mwalimu, mwanafunzi anayekua hekaluni, na hekalu lenye mapato ya kuwalisha wote wawili. Chini ya Roma mapato yalipungua, na mahekalu ya kaskazini yakafungwa moja baada ya jingine. Kufikia mwisho wa karne ya 4, nyumba ya maandiko ya Philae ilikuwa imebaki kazi ya kurithishana baba na mwana.

Majina yenyewe yanashuhudia. Jitse Dijkstra, katika uchunguzi wake wa mwaka 2008, ameonyesha jinsi maandishi ya miaka ya mwisho yanavyozunguka katika familia chache ambazo majina yao yanafanana mno: Esmet, Smetkhem, Nesmeterakhem. Baada ya mwaka 394 familia hizo ziliendelea na demotiki, na demotiki yenye tarehe ya mwisho ni ya Desemba 452. Takribani wakati huohuo Smetkhem, kuhani mwenye wadhifa wa kumvika mungu wa kike mavazi yake, aliandika jina lake kwa Kigiriki. Maandishi ya Kigiriki ya ibada hiyo nayo yanaishia mwaka 456 au 457, kisha kuta zinanyamaza. Kwanza zilipotea hieroglifu, halafu demotiki, halafu Kigiriki: ngazi tatu ndani ya miaka 63, na waliozishuka ni watu wa nyumba zilezile.

Lugha yenyewe haikufa. Upande wa pili wa kisiwa hichohicho tayari palikuwa na makanisa. Appion, askofu wa Syene, aliyataja katika ombi alilompelekea Kaisari Theodosius wa Pili kati ya mwaka 425 na 450, akitaka askari wa kuyalinda. Wakristo hao walizungumza Kimisri. Waliandika Kimisri pia, kwa herufi za Kigiriki zilizoongezewa alama chache zilizotoholewa kutoka demotiki, mfumo tunaouita Kikoptiki. Kwa hiyo Smetkhem alipokuwa akitafuta mrithi wa kusoma kuta za mababu zake, jirani yake alikuwa akiandika lugha ileile ya nyumbani kwa herufi ambazo mtoto yeyote angeweza kujifunza kwa muda mfupi. Mwandiko uliolindwa kwa masharti kama ya Bigeh, wa kuingiwa na wachache, haukuwa na njia ya kushindana na huo.

Jeshi, askofu na kozi

Procopius anasimulia kwamba Justinian alimwamuru Narses, kamanda wake, ayabomoe mahekalu ya Philae. Narses akawakamata walinzi na kuzipeleka sanamu Byzantium. Sehemu ya kubomoa si ya kweli: kuta zipo. Katika kifungu hichohicho Procopius anawasingizia Wablemi kulitolea jua kafara za watu, jambo linalomfanya msomaji awe mwangalifu na kila anachosema kuhusu dini ya watu wa kusini. Kilichochukuliwa na Narses huenda kilikuwa sanamu tu, ile iliyozoea kusafiri. Askofu Theodore aliugeuza ukumbi wa ndani kuwa kanisa la Stefano Mtakatifu, misalaba ikachongwa nguzoni, nyuso za miungu zikatobolewa kwa patasi. Theodore huyohuyo ndiye aliyelilea Kanisa changa la Wanobadi, akisafiri kusini kwa njia aliyokuwa akipita Isis.

Wakristo wa Philae nao walihitaji kisasili cha mwanzo. Wasifu wa Aaron, ulioandikwa kwa Kikoptiki, unasimulia kwamba Macedonius, askofu wa kwanza wa kisiwa, aliingia hekaluni siku ambayo kuhani mkuu alikuwa safarini na wanawe wawili wamebaki zamu. Akajifanya anataka kutoa sadaka. Vijana walipokwenda kuwasha moto, alimtoa kozi mtakatifu kizimbani, akamkata kichwa na kumtupa motoni. Vijana walikimbia wakihofia hasira ya baba yao. Baadaye waliongoka, na hatimaye wote wawili wakawa maaskofu wa Philae. Msimulizi hajui, au hajali, kwamba kozi huyo alikuwa wa Strabo, aliyeletwa kutoka kusini kila mwenziwe alipokufa. Lakini jambo moja analijua vyema: hekalu lilishindwa siku lilipopoteza wana wa kuhani.

Nyimbo za waashi wa karne ya 20 zingehitaji makala nyingine. Itoshe kusema kwamba bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, lilikizamisha kisiwa sehemu kubwa ya kila mwaka na kuosha rangi za nguzo. Na kwamba kati ya mwaka 1972 na 1980 hekalu lilifunguliwa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya katika kisiwa cha Agilkia kilicho jirani. Obeliski moja ya Philae haikuwapo kuhamishwa, kwani W. J. Bankes alikwisha kuipeleka Uingereza. Maandishi yake ya Kigiriki ni malalamiko ya makuhani kwa Ptolemy wa Nane kwamba maofisa wanaopita kisiwani wanakula kwa gharama ya hekalu. Jina la Cleopatra lililomo katika hieroglifu zake lilimsaidia Champollion, mwaka 1822, kuzithibitisha sauti alizokuwa amezipata katika jina la Ptolemy.

Watu wa Aswan nao walikipa kisiwa hadithi nyingine. Walikiita kasri la Anas al-Wujud, kwa jina la kijana wa hadithi iliyomo katika Alfu Lela Ulela, aliyemtafuta mpenziwe aliyefungiwa na baba yake katika kasri la mbali lililozungukwa na maji. Katika simulizi ya wenyeji kijana huyo anafika kisiwani kwa kubebwa mgongoni na mamba. Ndani ya lango la Hadrian, hatua chache kutoka mistari ya Nesmeterakhem, mamba anaogelea kuelekea Bigeh akiwa ameubeba mgongoni mwili wa Osiris, na Isis amesimama anamtazama.